Bakuli la Maharage

Ukitaka ugomvi na Getruda wa pale stendi ya Kisesa, mpe kitu cha bure. Mpe hata chumvi ya kijiko kimoja. Atakutazama kama umemtukana, atakushukuru kwa sauti kavu, na kesho yake utaikuta chumvi mlangoni kwako, tena imezidi ile uliyompa. Ndivyo alivyo. Yeye ni wa kutoa. Utingo aliyeachwa na gari, mwanafunzi aliyepoteza nauli, mzee aliyetoka hospitali hana hili wala lile, wote wamekaa kwenye benchi lake wakala maharage wakashiba, na walipoanza kujieleza aliwaambia wanyamaze, wanapoza chakula.

Maharage yake yana jina. Madereva wa barabara ya Musoma wakikaribia Kisesa hujifanya injini imechemka, kumbe ni tumbo. Kwa maharage hayo Getruda alimzika mume, akaezeka nyumba, akamlea mtoto wake mmoja, Mhoja, ambaye alikua chini ya meza ya kupikia na tangu alipojua kusimama kazi yake ilikuwa kupiga teke kila kilichokuwa na umbo la mviringo. Alipiga machungwa, alipiga makopo, siku moja alipiga kitunguu cha mteja kikaangukia kwenye sufuria ya jirani. Getruda alimchapa, lakini jirani mwenyewe, Tereza muuza maandazi, alisema mguu wa namna ile usichapwe.

Mhoja akasoma, tena akasoma vizuri, mpaka akapata ufadhili wa kwenda kusomea kilimo katika chuo kimoja huko Marekani. Kisesa nzima ilimsindikiza. Huu ulikuwa mwaka wa tatu tangu aondoke, na kila alipopiga simu mama yake alimuuliza swali lile lile kabla ya mengine yote.

Simu iliyozua haya yote iliingia mwezi wa Desemba, mchana, wakati Getruda ameweka ungo mapajani anachambua maharage na kutenga mawe pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, nina habari. Mwaka huu tumeingia kwenye bakuli."

"Mmeingia wapi?"

"Kwenye bakuli, mama. Linaitwa Bakuli la Maharage. Krismasi yote hatupumziki, tutakuwa huko. Na watu watakuwa wengi mno, wote wanatutazama sisi. Niombee tu nisiaibike, maana..."

Mtandao ukakata.

Getruda aliitazama simu kama inaweza kuomba radhi. Akaiweka chini. Kisha akachukua yale mawe aliyoyatenga, akayarudisha kwenye ungo pamoja na maharage, akaanza kuchambua upya.

"Anasemaje mtoto wa Amelika?" Tereza aliuliza kutoka kwenye karai lake la mafuta.

"Anasema hajambo."

Sasa, nani asiyejua maana ya bakuli katika lugha yetu hii? Timu ya mtaa ikikosa nauli ya kwenda kucheza Magu, tunasema inatembeza bakuli. Mtu mzima akianza kupita mlango kwa mlango na shida zake, ameshika bakuli. Hakuna mtu Kisesa aliyewahi kusikia bakuli lenye heri. Na huyu mtoto kaingia kwenye bakuli yeye na wenzake, wanapanga foleni wakati wa Krismasi, umati unawatazama, na wanachopewa ni maharage. Maharage, jamani. Mtoto wa Getruda, ambaye angeweza kuoga maharage kama angetaka.

Utasema, si angepiga simu tena akauliza? Getruda asingeweza. Mtoto ameshajikaza akasema aibu yake mwenyewe, na ameomba aombewe asiaibike. Umpigie tena ili aiseme mara ya pili? Huo kwake ulikuwa ukatili. Alinyamaza nalo. Wiki ile maharage yalitoka hayana chumvi, siku nyingine yakatoka na chumvi mara mbili, na dereva mmoja wa lori aliuliza kama mpishi amebadilishwa. Tereza akamvuta nyuma ya banda, akamwambia aseme au leo hawauzi.

Getruda akasema. Alipofika kwenye neno maharage akalia, na Tereza, ambaye ni mwanamke mnene wa vicheko, hakucheka.

"Sista Selina wa parokia anaondoka mwezi wa kwanza," Tereza alisema. "Anakwenda huko huko kusoma. Tumpe chakula ampelekee. Michembe ni viazi vikavu, haiozi. Na karanga tukaange."

"Michembe yangu imekwisha. Viazi mwaka huu viliungua na jua, unajua mwenyewe. Hata debe sina."

"Basi tukaombe."

"Nani akaombe?"

"Wewe, mama Mhoja. Mtoto ni wako."

Getruda alimtazama Tereza kwa chuki ya kweli. Kwake afadhali angeambiwa atembee kwa magoti mpaka Nyamagana. Lakini kila alipofumba macho alimwona Mhoja amesimama kwenye baridi, ameinamisha kichwa, ameshika bakuli, na mtu asiyemjua anampimia. Jumamosi asubuhi alioga, akavaa gauni la kanisani, akachukua bakuli lake kubwa la bati, akalifunika kwa khanga na kutoka. Ndiyo, aliamua kama ni bakuli basi liwe bakuli. Mtoto asilishike peke yake.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee Yeremia, fundi baiskeli. Alimkuta amepindua gurudumu anatafuta tundu kwenye beseni la maji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu, mama Mhoja. Kulikoni na nguo za Jumapili?"

Getruda alifungua mdomo. Neno lenyewe ni dogo, naomba, hata mtoto mchanga wa Kisesa analijua, lakini kwake lilikuwa limekwama kooni kama mwiba wa sangara. Akafunua khanga, akamwonyesha bakuli tupu. Machozi yakamtoka, akasema mtoto wake ana njaa ugenini.

Mzee Yeremia hakuuliza zaidi. Alichukua bakuli akaingia nalo ndani, akakaa huko muda mrefu kidogo, akatoka na michembe imejaa bakuli na kuchuruzika pembeni, na ndoo nyingine nyuma yake.

"Unajua kuwa wewe ni mtu mbaya?" alisema, anaimwaga ile ndoo kwenye khanga.

"Mimi, baba?"

"Wewe. Mke wangu alipokuwa anaumwa ulitulisha mpaka akapona. Nikakuletea papai, ukanirudishia mapapai mawili. Nikakutengenezea baiskeli, ukanitupia hela dirishani. Mtu unamfanya awe na deni la moyoni mpaka anazeeka nalo. Leo ndiyo umenifungulia mlango. Mungu akubariki, na ukae chini unywe uji, usiniambie umeshiba."

Alikunywa uji. Ulikuwa wa mtama, umeiva vizuri, na Getruda alishangaa kuona kwamba alikuwa na njaa.

Baada ya hapo hakuhitaji kubisha hodi sana. Habari za Kisesa hazisubiri gari. Alipofika nyumba ya tatu walikuwa wameshatoa kikapu nje. Karanga zikaja, matobolwa, yaani viazi vya kuchemsha vilivyokaushwa, yakaja, njugu zikaja, mama mmoja aliyekosa vyote akaleta sabuni, akasema hata mwenye njaa anafua. Utingo fulani, ambaye Getruda hakumkumbuka kabisa, aliteremka kwenye gari na dagaa wa Mwanza kwenye gazeti na kusema yeye anakumbuka. Kila mmoja alikuwa na yake ya kukumbusha, na Getruda, ambaye alidhani angerudi nyumbani amepungua, sasa alikuwa na gunia lililohitaji mkokoteni. Njia nzima alikuwa anashukuru kwa midomo bila sauti, anataja majina ya watu mmoja mmoja asije akamruka mtu.

Pa mwisho palikuwa kwa Chenge. Huyu ni kijana mwenye banda la kuonyesha mpira, lile tunaloliita kibanda umiza kwa sababu ukitoka pale mgongo unajua ulikuwa wapi. Chenge anajua mpira wa dunia nzima. Ukimwamsha usingizini atakutajia kipa wa akiba wa timu ya Ureno.

"Mama, shikamoo. Nimesikia. Hebu nieleze vizuri, Mhoja alisema bakuli gani?"

"La Maharage," Getruda alisema, anatazama chini.

Chenge alikunja uso. Akatoa simu, akabofya, akasoma, akabofya tena. Halafu akakaa chini kwenye vumbi, akashika tumbo, akacheka mpaka Getruda akanyanyua mkono ampige kofi.

"Mama, subiri. Subiri usinipige. Hiyo ni mechi."

"Mechi ya nini?"

"Ya mpira. Mpira wao wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu. Vyuo vyao vikifanya vizuri mwaka mzima, mwishoni vinaalikwa kwenye mechi kubwa, na kila mechi inaitwa bakuli. Kuna bakuli la hiki na bakuli la kile. Hili ni la mji unaolima maharage. Na Mhoja yuko kwenye timu, mama, huyu hapa, ndiye mpigaji wao. Hajashika bakuli la kuombea. Amealikwa."

Alimwonyesha picha. Kijana mwenye kofia ngumu kama ya bodaboda, mabega mapana kama mlango, na chini ya kofia macho ya marehemu mume wa Getruda.

Getruda alisimama pale. Furaha ilikuja kwanza, ikamjaa, na nyuma yake ikaja aibu, kwa sababu mkokoteni ulikuwa pale pale njiani na gunia juu yake. Amepita Kisesa nzima kulia njaa ya mtu aliyealikwa. Hakwenda nyumbani. Aligeuza mkokoteni, akaanza kurudisha.

Hakuna aliyepokea. Mama wa sabuni alifunga mlango akajifanya hayupo, huku wanaomwona dirishani ni wengi. Wengine walicheka wakamkumbatia. Mzee Yeremia alisema yeye ameshatoa, na kitu alichokwisha kutoa hakitambui tena. "Michembe gani? Mimi sina michembe," alisema, akaendelea na gurudumu lake. Getruda alilia kwa hasira, halafu akalia kwa mengine, na gunia likalala sebuleni kwake likinukia dagaa.

Mechi yenyewe ilichezwa huko kwao wakati Kisesa imelala. Mhoja akamtumia Chenge kipande cha mwisho, na Jumapili baada ya misa watu wakajaa kwenye kibanda umiza, wengine wamesimama, wengine wamechungulia kwenye matundu ya mabati. Getruda aliwekwa mbele. Tereza alikaa kando yake na kumshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Ni mchezo mgumu kuutazama, nao waliutazama kwa ukali. Mpira wenyewe una umbo la papai. Wanaukimbilia, wanaangushana, wanarundikana, halafu filimbi inapulizwa wakati ndiyo kwanza utamu unaanza. Milingoti ya goli imesimama kama manati, haina wavu wala kipa, na jambo hilo liliwaudhi wazee. Mtu mmoja aliuliza mbona Mhoja wetu hachezi, amekaa benchi kama mgeni. Chenge akaeleza kwamba kazi yake ni moja: timu ikikwama anaitwa, anapiga, anarudi kukaa. Sasa timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi mbili na muda umekwisha, umebaki mpigo mmoja tu.

Basi wakamwita. Mhoja akatoka mbio ndogo, akajipanga, mwenzake akaushikilia mpira chini kwa kidole. Uwanja mzima ulisimama, watu wengi kuliko Kisesa na Buswelu ukiziweka pamoja. Akapiga hatua, akaupiga.

Mpira ukapaa. Ukapaa, ukapaa, ukapita juu kabisa ya mwamba wa goli, ukapotelea kwa watazamaji.

"Kapaisha," mtu mmoja alisema kwa huzuni nyuma kabisa.

Ikawa msiba. Wanaume walishika vichwa. Tereza aliuachia mkono wa Getruda akajifunika uso kwa khanga. Kijana mmoja alianza kueleza kwamba aliinama nyuma mno wakati wa kupiga, ndiyo maana. Kisesa inajua mpira, na kwa mpira inaoujua, mtu akipitisha juu ya mwamba amekosa, hakuna mjadala.

Katika kilio hicho chote mtu mmoja alikuwa anatabasamu, naye ni mama wa aliyekosa. Mhoja alikuwa amevua kofia, na kamera ikamsogelea. Getruda alisimama kutoka kwenye benchi akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo.

"Mtazameni shingo," alisema. "Mtazameni mashavu. Mwanangu anakula."

Wakamwambia pole. Hakuisikia. Alikuwa anagusa shavu la mtoto pale kwenye kioo, anashukuru kwa sauti kubwa, anamshukuru Mungu, anawashukuru watu wa kule ambao hawajui, mpishi wa chuo, mkulima wa maharage yao, na kama ameshindwa basi ameshindwa, wapo watu walioshinda na bado wana njaa.

Ndipo watu wakaona kwamba kwenye kioo Mhoja amebebwa juu juu na wenzake, wanamrusha kama mtoto, na refa amenyanyua mikono yote miwili. Chenge alikuwa anapiga kelele muda wote, hakuna aliyemsikia. "Kule kupaisha ndiyo goli! Lazima upite juu, ni pointi tatu! Kashinda, ninyi watu, kashinda!"

Kilichofuata mabati ya Chenge hayajakisahau. Benchi moja lilivunjika, na mzee Yeremia alionekana akicheza na fimbo yake.

Mhoja alipiga jioni ile, simu ya picha. Getruda alikuwa amekaa sebuleni karibu na gunia. Safari hii kwa kuwa uso wa mtoto alikuwa anauona, alimweleza yote tangu mwanzo: alivyosikia bakuli, maharage bila chumvi, nguo za kanisani, mzee Yeremia, mkokoteni. Alieleza kwa kucheka, akitegemea na yeye acheke.

Mhoja hakucheka. Aliweka simu mahali, ikamwonyesha dari kidogo, kisha akairudisha.

"Mama, hukukosea sana."

"Kivipi?"

"Mwaka wa kwanza. Ilipofika Krismasi chuo kilifungwa, na jiko nalo likafungwa. Wenzangu wote walikwenda kwao. Mimi sikuwa na pa kwenda, na sikuwa na kitu. Nilikuwa nakunywa maji nalala. Kuna kanisa moja karibu walikuwa wanagawa supu. Nilipita pale mara nyingi kabla sijaingia. Nikaingia nikapanga foleni, mama. Nilishika bakuli."

Getruda aliweka mkono juu ya gunia.

"Kila siku mpaka chuo kilipofunguliwa. Ndiyo maana kocha aliponiona napiga mpira uwanjani na akasema wachezaji wanalishwa na chuo hata wakati wa likizo, sikuuliza huo mchezo unachezwaje. Sikukwambia. Ulipokuwa unaniuliza nimekula, nilikuwa nasema nimekula. Nisamehe."

Hapo ndipo ungetegemea Getruda tunayemjua akasirike, kwa kufichwa, au kwa aibu. Yeye alifuta macho kwa kiganja akasogeza simu karibu.

"Nani alikupakulia?"

"Mama mmoja mzee. Mzungu. Siku ya kwanza nilitazama chini, naye akanijazia, akasubiri nimalize, akanijazia tena kabla sijaomba."

"Anaitwa nani?"

"Simjui jina, mama."

"Ulimwambiaje?"

"Asante. Kwa lugha yao."

"Hiyo anaambiwa na kila mtu." Getruda alijifunga khanga upya kama mtu anayeanza kazi. "Kesho nenda umtafute. Umwambie wabeja. Mwambie kwa Kisukuma hivyo hivyo, hata asipoelewa, halafu umwambie ni neno la mama yako. Sista Selina anakuja na gunia. Dagaa, amesema, watamzuia nao uwanja wa ndege, lakini michembe itafika, na karanga zitafika. Si za kwako. Wewe unakula, nimekuona. Za yule mama, apikie foleni yake."

"Mama, hawajui hata michembe inapikwaje."

"Si wewe upo? Inachemshwa na karanga. Utasimama hapo jikoni kwake umfundishe. Na mkimaliza, Mhoja, akikupakulia, pokea. Pokea hata kama umeshiba."